Mweupe Hachinjwi

Tetea wangu mweupe alidonolewa na wenzake mpaka mgongo ukabaki nyama tupu. Mama mkwe akaniambia nimchinje upesi, asije akafa mwenyewe akawa kibudu, haramu kuliwa. Nikakataa. Nilimweka jikoni ndani ya tenga, nikawa nampaka manjano na mafuta ya nazi asubuhi na jioni, nikimlisha pumba mkononi. Mama mkwe akipita huguna tu.

Kidonda kilipopona, wakaja wageni kutoka Fukayosi, na kwetu mgeni huchinjiwa kuku. Nilipotoka uani, kuku wote walitimua mbio. Mweupe peke yake akanijia mpaka miguuni, akidhani nina pumba.

"Si huyo hapo, mwanangu," mama mkwe akasema. "Kisu kiko wapi?"

"Huyu hachinjwi, mama."

Nikajifunga kibwebwe, nikamfukuza yule koo mweusi aliyekuwa wa kwanza kumdonoa Mweupe. Tulizunguka nyumba mpaka nikamtia mkononi.

Wageni walikula chakula cha mchana saa kumi. Mmoja akalalamika kwamba nyama ni ngumu. Nikamwambia, hata alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo.