Kupandisha Kisiagi Mlimani

Mume wangu aliuawa na mzigo, na mzigo huo ulikuwa na wenyewe. Wa kwanza ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Matiliku, aliyejaza simiti kwenye trela mpaka vyuma vikapinda. Wa pili ni fundi wa kuchomelea, aliyefunga ndoana ya kuvutia kwenye bampa badala ya chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa sababu chesisi iko chini na yeye hapendi kulala chini. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyemwambia, "Gari ni yako na unaiogopa? Wewe ni mwanamume wa aina gani?"

Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Trela ilitusukuma mteremkoni mpaka korongoni. Mume wangu hakutoka. Mimi nilitoka na kiuno ambacho mpaka leo hakipendi baridi. Hakuna aliyeshtakiwa, na siku ya mazishi wote watatu walikula wali wakaongezwa.

Shule niliacha mapema. Magari nilijifunza kwa kuogopa. Nilipopata pikapu yangu, kuukuu lakini nzima, ndoana niliifungisha kwenye chesisi nikiwa nimesimama hapo hapo juu ya kichwa cha fundi. Watu huniuliza inavuta mzigo wa kiasi gani. Kuvuta inavuta, hata kuliko inavyofaa. Waulize itasimamaje. Trela zetu hizi hazina breki, kwa hivyo breki za pikapu zinashika gari mbili, na zikipata moto mguu unazama tu kama kwenye uji.

Mwaka jana kikundi cha akina mama wa kilima kimoja juu ya Kikima kilinunua kisiagi huko mjini Wote: injini kubwa ya dizeli, kinu chenyewe, na kitako cha chuma cha kuvishikilia. Walikuwa wamechoka kushuka na mahindi kichwani na kupanda na unga. Wakaniita mimi. Mwenyekiti wao, maana kwetu hata kikundi cha akina mama hutafutiwa mwenyekiti mwanamume, alikuwa shemeji yangu.

Nilikubali kwa ajili ya wale mama. Lakini pikapu hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayekufa tena kwa mzigo wa mtu mwenye mdomo.

Asubuhi pale Wote nilipanga mwenyewe. Kitako na injini nikaviweka mbele kidogo ya tairi za trela, ili pua yake iilalie ndoana. Kinu nikakiacha chini kingoje safari ya pili. Nikaenda kujaza upepo kwenye tairi moja ya akiba. Kurudi, nikakuta nyimbo.

Kwetu kitu kikubwa kikinunuliwa hakiletwi kimya. Akina mama walikuwa wamepanda trela, wamekaa nyuma kabisa kwenye nafasi, leso mabegani, wanaimba na kupiga makofi. Na kinu kilikuwa hapo hapo nyuma pamoja nao. Mkia wa trela ulikuwa umeshuka, pua imeinuka, na pua hiyo ilikuwa imenyanyua matako ya pikapu yangu mpaka tairi za nyuma zinagusa lami kwa aibu tu.

"Nani amepandisha kinu?"

"Mimi," akasema shemeji. "Safari moja inatosha."

"Kishushe."

"Shemeji, hii gari ni ya kubeba ama ni ya kupigia picha?"

Wanaume wa pale stendi wakacheka. Nikachomoa ufunguo wa pikapu, nikautia ndani ya blauzi.

"Akina mama, shukeni mmoja mmoja. Na kila anayeshuka atazame tairi zangu za nyuma."

Wakashuka. Pikapu ikakaa chini pole pole kama kuku amerudia mayai yake.

"Aiya!" akasema mwaitu mmoja, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, mkubwa wao kwa umri. "Kumbe ni sisi tulikuwa tunainua gari?"

"Ninyi na mwenyekiti."

Kisha nikamgeukia shemeji mbele ya stendi nzima. "Yale maneno ulimwambia ndugu yako kule Matiliku, niliyasikia. Nilikuwa nimekaa kando yake."

Kinu kilishushwa na wale wale wanaume waliokuwa wakicheka.

Akina mama na mwenyekiti wao walitangulia kwa matatu, nikawakuta lami inapoisha. Nikawaambia waimbe wakitembea, kando ya gari na si nyuma, na kila mmoja ashike jiwe. Nikaingiza gia ndogo, ile ya kuvutia magurudumu yote manne, nikapanda bila kuchezea klachi. Kwenye kona kali mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama mwenyewe, kabla gari haijanisimamisha. Mawe yakaingia nyuma ya kila tairi.

"Imekushinda!" shemeji akaita kutoka chini, anahema.

"Anaipumzisha," mwaitu akamjibu. "Wewe umepumzika mara ngapi, na hujabeba hata leso?"

Injini ilipopoa nikavuta handibreki, nikasikia klachi ikishika, nikaachilia. Haikurudi nyuma hata kidogo. Tulifika juu wimbo ukiwa haujakatika, na kesho yake nikaleta kinu, kikawa chepesi kama kubeba mkate.

Fundi wa visiagi alipounganisha vyote na moshi wa kwanza ukatoka, shemeji akasimama kuhutubia. "Kamati imefanya kazi kubwa sana..."

"Kamati ilivuta kwa kamba gani?" mama mmoja akauliza, na hotuba ikafia hapo kwenye kicheko.

Jioni akanifuata. "Shemeji, nishushe basi mpaka Kikima."

"Kwenye trela sibebi mtu."

"Basi mbele."

"Mbele kuna mtu."

Mwaitu alikuwa ameshakaa, amefunga mshipi, mfuko wa unga wa bintiye wa Kikima magotini. Nikashuka kwa gia ya pili, kama mlima unavyotaka, kwa hivyo tulimpita shemeji taratibu sana, na mwaitu akapata nafasi ya kumsalimia vizuri kupitia dirishani.