Samli ya Kichwani

Ndugu yangu mdogo alizaliwa ndani ya seng'enge. Ngamia wetu walikuwa wameshachukuliwa na serikali, nasi tukahamishiwa pamoja na wengine kwenye manyatta ya kulindwa na askari, nje kidogo ya mji wa Garissa. Maziwa ya Hooyo, mama yangu, yalikauka mtoto akiwa bado mchanga. Kilichopatikana ni unga wa mahindi, maziwa ya unga yakiletwa, na mafuta ya kupikia ya kopo, meupe, magumu kama nta. Hooyo alikoroga mafuta hayo kwenye uji mwembamba, na mtoto akanenepa. Sisi wengine tumebaki mifupa, yeye mikono ina mikunjo. Wanawake walikuja kumtazama.

"Mashaallah, huyu ni mtoto wa waziri!" mmoja alisema, wakacheka wote.

Ayeeyo, bibi yangu, hakucheka.

"Mafuta ya kwanza ndiyo mwili unajifunzia," alimwambia Hooyo. "Sisi tulilelewa kwa samli, tukatembea mpaka Wajir. Huyu atakuwa gunia."

"Bora gunia kuliko kaburi," Hooyo alijibu.

Mimi nilikuwa nasoma sekondari mjini, nikikaa mtaa wa Galbet kwa abti, yaani mjomba wangu. Manyatta nilikuja wakati wa likizo tu, kwa kibali. Maneno ya Ayeeyo yalinikaa rohoni. Darasani mwalimu wa sayansi alisema mafuta hutia mwili joto na nguvu, basi, akafuta ubao. Nilitaka kuuliza kama mwili wa mtoto unaweza kukumbuka mafuta uliyoanzia. Mkono haukunyanyuka. Mimi hata nikiitwa jina natoka jasho.

Mwisho wa likizo moja Ayeeyo alinivuta pembeni. "Niletee samli, hata kidogo. Akishaota meno tumechelewa."

Nilipofunga shule tena, abti alinipa chupa ndogo. "Imetoka Bura," aliniambia. "Wakikuuliza, Bura hujawahi kuisikia." Hakuhitaji kueleza zaidi. Mle manyatta hakukuwa na mifugo. Mwenye samli alihesabiwa ameonana na watu wa porini, wale waliopigana na serikali, na kwa jambo hilo watu walichukuliwa wakiwa wanakula, wasionekane tena. Njia nzima niliishika ile chupa ndani ya nguo kama naficha moto.

Getini askari aliipata mara moja.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya nywele, afande." Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Akafungua, akanusa, akamwita mwenzake. "Hebu nusa. Nywele gani hizi zinataka moshi na mbuzi?"

"Sisi ndiyo tunapaka," nilisema.

Yule mwenzake akacheka. "Haya, dada. Kama ni ya nywele, paka tukuone."

Sikuwa nimewahi kufungua mtandio mbele ya mwanamume asiye wa kwetu. Niliufungua. Nikamimina kiganjani, nikapaka utosini.

"Ongeza! Huku nyuma bado kavu."

Niliongeza mpaka chupa ikaisha. Jua lilikuwa kali, samli ikateremka masikioni na shingoni, nami niliogopa hata kujipangusa.

"Sasa umependeza. Utaolewa leo leo. Pita."

Sikukimbia, ingawa miguu ilitaka. Nilipofika kwetu ndipo nikalia.

"Imekwisha, Ayeeyo. Yote iko kichwani."

Aliitazama chupa, halafu akanitazama mimi. "Kwani kichwa umekiacha getini? Kaa chini."

Alinibana katikati ya magoti yake akakamua msuko mmoja mmoja, akikung'uta vidole kwenye kikombe cha bati.

"Hiyo ina vumbi," Hooyo alisema.

"Vumbi ni la kwetu."

Kisha akachovya kidole akamtia mtoto mdomoni. Tuliinama sote watatu. Mtoto alinyonya, akakunja uso, akatema. Halafu akageuza shingo kuitafuta sufuria ya uji. Hooyo alianza kucheka, akauona uso wa Ayeeyo, akaacha.

"Ameshajifunza," Ayeeyo alisema polepole.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alimfichia tone ndani ya uji, chini ya yale mafuta ya kopo, mpaka kikombe kikawa kikavu. Nywele zangu ziliendelea kunuka moshi hata baada ya kurudi shule.

Sasa mtoto yuko mwaka wa tatu, na wanawake bado wanasema mashaallah. Wenzake wakikimbilia getini kutazama lori, naye hukimbia kidogo, halafu anakaa chini akihema na kuninyooshea mikono nimbebe. Ayeeyo hutazama pembeni. Mimi humbeba. Ni mzito. Nikiwa nimemshika huyabonyeza mapaja yake, taratibu asijue, kama mtu anayemjaribu mbuzi sokoni, nikitafuta nyama ipi pale imetoka kwenye kopo na ipi imetoka kichwani mwangu.