Picha ya nyota zinapozaliwa, na binti wa mpiga picha niliyemcheka darasani

Wakuu, nawasalimu wote, mliolala na mlio zamu.

Haya yalinitokea mwenyewe, hapa hapa Moshi, na sijayatia chumvi. Nimebadilisha jina la binti tu, kwa sababu yeye hakukosea kitu.

Miaka ya tisini katikati nilikuwa mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja mjini. Nilikuwa na degree moja, suruali mbili, na majivuno ya kutosha shule nzima.

Binamu yangu wa Mwika alikuwa mpagazi mlimani. Siku moja mtalii alimwachia jarida, akaniletea.

"Kaka, wewe ndiye msomi wa ukoo. Hebu niambie, huu ni moto au ni nini?"

Wakuu, sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile. Minara ya vumbi zito la kahawia, imesimama gizani. Kingo zake zinang'aa kama mawingu yanapoanza kukiachia kilele cha Kibo asubuhi. Nyuma yake kijani cha migomba iliyotoka kunyeshewa. Na humo ndani ya vumbi, jarida lilisema, nyota zinazaliwa. Nebula, ndivyo walivyoliita wingu hilo.

Nilikata ule ukurasa, nikaubandika kwenye karatasi ngumu ya manila, nikaufunika kwa nailoni. Wiki nzima niliutazama kabla ya kulala, kama mtu aliyeposa.

Kisha nikaupeleka kidato cha pili.

Niliwaambia wanafunzi kwamba ukipanda chombo cha anga ukafika pale, utaona hivi hivi kwa macho yako. Nani alinituma kusema hivyo? Hakuna. Jarida halikusema.

Ndeshi akanyoosha mkono. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwenye somo langu. Baba yake alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Kwa wadogo humu: picha za rangi zilikuwa zimeshaingia, lakini watu walikuwa bado wanampelekea yule mzee picha za zamani za marehemu wao, nyeusi na nyeupe, azikuze na kuzipaka rangi kwa brashi, zikatundikwe sebuleni. Ndeshi alimsaidia kila Jumamosi.

"Samahani mwalimu. Hii picha imepakwa rangi."

Darasa zima likamgeukia.

"Chini yake kuna nyeusi na nyeupe," akaendelea. "Rangi imelazwa juu. Lakini si uongo, mwalimu. Baba huwa anauliza kwanza gauni la marehemu lilikuwa..."

Nikamkata.

"Kwa hiyo kuna mzee kapanda ngazi na brashi mpaka kwenye nyota? Basi tumwite baba yako atupakie na Kibo, theluji yake imeanza kuchakaa!"

Wakacheka mpaka madawati yakagonga ukuta. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Brashi!" Jina likamkaa hadi anamaliza shule.

Nilicheka nao. Nataka mjue hilo.

Ukweli ni kwamba sikujua kama amekosea. Nilichojua ni kwamba nina degree na baba yake ana brashi.

Mwisho wa mwaka walipochagua masomo ya kidato cha tatu, Ndeshi aliacha fizikia, akaenda biashara.

Baba yake akaja shuleni. Alivaa koti la kanisani, lakini vidole vilikuwa na madoa ya rangi. Alikuwa mkubwa kwangu sana, ila aliniita mwalimu kwa heshima ambayo hadi leo inanichoma.

"Mwalimu, binti yangu ameacha somo lako na hataki kuniambia sababu. Nauliza, ni mimi? Ni hizi kazi za Jumamosi ninazompa?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha.

Nikasema, "Mzee, fizikia ni ngumu. Si ya kila mtu."

Akashukuru. Akashukuru, wakuu! Baadaye nikasikia amemkataza binti kugusa brashi, asije akamharibia na masomo yaliyobaki.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili internet cafe zikaingia mjini, nikalipia saa moja nikaitafute ile picha yangu. Ilishuka mstari kwa mstari, kama pazia. Ajabu, zikaja picha tatu za kijivu kwanza, ndipo ya nne yenye rangi.

Maelezo yalikuwa mafupi. Chombo kilicho angani hupiga picha nyeusi na nyeupe, mara kadhaa, kila mara kikipitisha mwanga wa gesi ya aina moja. Kisha watu huipa kila gesi rangi yake, na kuzilaza moja juu ya nyingine.

Rangi imelazwa juu.

Nilikaa pale mpaka kijana wa cafe akaniambia muda umekwisha.

Kesho yake nikaenda studio kuomba radhi. Ndeshi ndiye aliyekuwa anaiendesha sasa.

"Shikamoo mwalimu! Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka... passport size."

Nikapigwa picha nne, nikaondoka.

Nilirudi mwezi uliofuata. Nne tena. Na uliofuata tena. Safari ya nne Ndeshi akaniuliza, "Mwalimu, unahama nchi?"

Baba yake alikuwa kwenye benchi nyuma, amezeeka, mkongojo magotini. Akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichonisukuma.

"Shikamoo mzee. Siku ile ulipokuja shuleni nilikudanganya. Fizikia haikumshinda binti yako. Alisema picha yangu imepakwa rangi, nikamcheka mbele ya wenzake, nikakutukana na wewe. Na alikuwa sahihi."

Mzee akatazama vidole vyake.

"Na mimi nikamnyang'anya brashi," akasema.

Ndeshi akageukia kamera, akaanza kuifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Kisha mzee akauliza, kifundi kabisa, "Hao waliopaka. Walimwuliza nani rangi ya gauni?"

Safari hii nikasema, "Sijui, mzee."

"Waliuliza gesi yenyewe, baba," Ndeshi akasema bila kugeuka. "Kila gesi ina mwanga wake, na rangi zimefuata mpangilio wa mianga hiyo. Nilikuja kulisoma peke yangu."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Akanipa bahasha yangu ya picha za siku hiyo. "Nimekuacha ulivyo, mwalimu. Sijakusafisha uso pichani."

Picha kumi na sita ninazo bado. Kila nikizitazama naona mtu mzima aliyekwenda mara nne kusema neno moja.

Nilichojifunza: "sijui" ingenigharimu dakika moja ya aibu mwaka ule. Kwa kuikwepa nimelipa miaka, na sehemu kubwa alilipa mtoto wa watu.

Karibuni mchangie. Kama una Ndeshi wako, mtafute wakati baba yake angali benchini. Na wajuzi wa anga nisahihisheni nilipokosea. Sitauliza baba zenu wanafanya kazi gani.