Muziki wa Nivo ya Pili Ulivyofika Kanisani

Noti kumi na tisa. Nilizihesabu Jumapili ile nikiwa kwenye benchi la nne, na waliporudia kiitikio nikazihesabu tena, kwa sababu mimi sihesabu kitu mara moja. Kumi na tisa, kupanda na kushuka, na baada ya ile ya kumi na moja kuna kijiruko kidogo kama mtu anayevuka mtaro. Korali ya parokia yetu ya hapa Kamenge ilikuwa inaimba wimbo mpya wa komunyo: Univushe, Bwana, maji ni mengi. Polepole, kwa sauti nne, macho yamefumbwa. Mzee aliyekaa mbele yangu alitoa kitambaa akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi.

Ule haukuwa wimbo wa kanisa. Ulikuwa muziki wa nivo ya pili.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba baada ya misa walitangaza kwamba wimbo huohuo ndio korali itakaotuimbia kwenye kuganduka kwa mama yangu, siku ya kuondoa matanga, wiki tatu mbele. Mama yangu, ambaye hakuna kelele duniani aliyoichukia kama ile. Nilijiambia: wakiuimba, watakuwa wamemzomea marehemu mbele ya watu mia mbili, na mimi nimewapikia.

Niseme kwanza nivo ya pili ni nini, maana wengine mmezaliwa juzi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja baba aliponituma Buyenzi kununua mashine ya mchezo wa televisheni. Alinituma mimi kwa sababu yeye hakujua kusema apana. Mwenye duka alikuwa mzee wa familia ya Waarabu waliokaa mji huu kabla babu zangu hawajashuka mlimani. Aliponitajia bei nilicheka, nilipomtajia yangu akacheka yeye, tukakutana katikati wote wawili tumenuna, na bei halali ndivyo inavyopatikana. Kaseti iliandikwa michezo mia tisa. Nilipofika nyumbani nilihesabu: kumi na minne. Nikahesabu tena: kumi na minne. Iliyobaki ilikuwa ileile, imebadilishwa majina.

Mmoja tu ndio ulikuwa na maana. Kijitu kisicho na uso kinaruka kutoka jiwe hadi jiwe juu ya maji, na samaki wanakirukia. Nivo ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, dakika mbili umemaliza. Ya pili ilitushinda, mimi na kaka zangu wawili, tangu mvua za kwanza hadi kiangazi. Mchezo haukuweka kumbukumbu. Umeme ukikatika, unaanza mwanzo. Basi muziki wa majini tuliusikia kila siku, kila saa, unazunguka, unarudi, hauna mwisho, maana sisi wenyewe hatukufika mwisho.

Na ulikuwa muziki! Mashine ilikuwa na sauti tatu tu na mkwaruzo. Ya kwanza inapiga mluzi, ya pili inaifuata kama mbwa anayemfuata bwana wake sokoni, ya tatu inakoroma chini kama vyura wa Buterere mvua ikishanyesha. Ngoma yenyewe ndio ule mkwaruzo, kama mama anapepeta mchele. Basi. Hakuna violini, hakuna kwaya ya wazungu hamsini. Aliyetunga alipewa vijiko vitatu akaambiwa apike harusi, na akapika. Kila noti ilibidi ifanye kazi, maana hakukuwa na ya ziada.

Lakini sitasema uongo: hatukuukumbuka kwa uzuri wake. Tuliukumbuka kwa sababu tulikwama.

Televisheni yetu ilikuwa imevunjika kitufe cha sauti. Sauti ilikuwa moja, kubwa. Mama alikuwa uani anachambua maharagwe, na kila siku alipiga kelele dirishani: "Zimeni hiyo mududu! Nitaitupa Ntahangwa!" Mto uko karibu, na mama hakuwa mtu wa kutania. Siku moja aliingia, akachomoa waya, akaenda nao sokoni ndani ya kikapu, juu ya nyanya.

Huyo ndiye wanayetaka kumwimbia nivo ya pili.

Alhamisi nilikwenda kwenye mazoezi ya korali. Dirijan wetu, anayeongoza waimbaji, ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa hesabu, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Nilimuuliza mbele ya watu wote.

"Dirijan, hiyo wimbo uliitoa wapi?"

"Niliitunga, dada."

"Uliitunga we? Basi na mi ndiye nilichimba Tanganyika."

Sopranu wakacheka. Akanishika mkono akanitoa nje, nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya parokia.

"Dada, unaniaibisha mbele ya watu wangu."

Niliuimba. Niliuimba kwa mwendo wake wa kweli, mbio, na mkono wangu unapiga sufuria ile mikoromo ya chini. Noti ya kumi na moja, kijiruko, hadi mwisho, na tena. Uso wake ulibadilika.

"Umeijulia wapi?"

"Kwa televizyo! Nikiwa mutoto, samaki wananiua kila siku! Hiyo iko muziki ya mchezo, we mwizi. Na mama yangu aliichukia kuliko shetani, na we unataka kumuimbia."

Alikaa juu ya sufuria iliyofunikwa. Nilidhani ataomba msamaha, nikawa tayari nimepanga msamaha huo utamgharimu nini.

"Dada," akasema, "hiyo wimbo niliipata kwa mama yako."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yako. Jumamosi. Wamama wakikuja kuchambua maharagwe ya maskini, yeye alikuwa anakaa hapo, chini ya dirisha. Alikuwa anaimba bila maneno, mmm, mmm, anazunguka tu, hamalizi. Miaka mitatu, kila Jumamosi. Nikamuuliza, mama, hiyo iko ya wapi? Akasema, sijui, iko ya zamani. Nikajua iko ya kwenu, ya milimani. Alipokufa nikaiandika, nikaitia maneno. Nikaipunguza mwendo, maana ni matanga."

Nilimwambia anadanganya. Akanionyesha alivyokuwa anafanya: kichwa upande, vidole vinachagua, na kijiruko kinakuja pale anapotupa jiwe. Mtu hawezi kubuni kitu kama kile. Mama alitupa mawe ya maharagwe hivyohivyo.

Nikakasirika upya, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Miaka mitatu! Na mimi, miaka hiyohiyo, nilikwenda kwake kila Jumapili, sikukosa, nilihesabu. Sikuusikia hata mara moja. Nikiwepo, mama alikuwa anaongea: bei ya mafuta, kaka zangu, nywele zangu. Wimbo ulikuwa wa wakati nisipokuwepo. Aliyebahatika kuusikia ni mwalimu wa hesabu.

"Basi utasema ni wa mama," nikamwambia. "Siku hiyo, mbele ya watu. Usiseme umetunga."

"Nitasema. Lakini na we usiseme mambo ya mchezo. Padri akisikia tunakula komunyo na muziki ya samaki, wimbo umekufa. Umekufa, dada."

"Na muuimbe mbio."

"Apana. Watu wako kwa matanga, si kwa mpira."

"Nusu mbio."

"Apana."

Sikupata mwendo. Nilipata jina la mama, yeye akapata mdomo wangu. Tulipeana mikono, na njia nzima ya kurudi nilijiuliza ni kitu gani nimeuza.

Nyumbani binti yangu, kidato cha tatu, alikuwa amelala kwenye kochi na simu, anacheza mchezo, masikio yameziba. Vile vya kuziba masikio tunaviita ekuteri, na mimi ndiye ninayeviuza, karibu na kituo cha mabasi, ndivyo vinavyotulisha. Nilimchomoa kimoja nikajitia sikioni. Sitadanganya: ni kitu kizuri. Ngoma nzito, violini, mwanamke analia mbali kwa lugha ya watu wasiojulikana. Binti akisogea, muziki unasogea, akijificha, unanyamaza, adui akija, unajua kabla hujamwona. Nywele zilinisimama.

"Niimbie," nikamwambia.

"Niimbe nini, Mama?"

"Hiyo muziki. Unaicheza tangu Pasaka."

Akafikiri. "Haiimbiki. Inabadilika kila mara."

"Sehemu moja tu."

"Mama, iko ya kusikia, haiko ya kuimba."

Nilimfokea, na hakustahili. Nilimfokea kwamba wamewapa wapishi mia na jiko la dhahabu, na mtu anatoka mezani hakumbuki amekula nini. Na hilo si kosa la violini. Muziki wa zamani ulikuwa adui wa nyumba nzima. Ulimwingia asiyecheza, ulimwingia mwenye maharagwe, ulimwingia jirani. Huu wa leo ni siri ya mtu mmoja na masikio yake mawili. Mimi nitachukia nini hapa? Nitakuja kuimba nini uzeeni, nikiwa sijui kwamba ninaimba? Nimekaa na huyu mtoto chumba kimoja mwaka mzima na sijasikia noti moja, na ekuteri nilimpa mimi mwenyewe, bure, ili nipate utulivu.

"Unalia?" akaniuliza.

"Ninahesabu," nikasema.

Siku ya kuganduka tulisimamisha mahema mawili uani na moja barabarani. Viti mia mbili, na watu waliokuja mia mbili na thelathini. Padri aliomba, wakubwa wa familia walizungumza, soda na bia zikapita. Kisha dirijan akasimama mbele ya korali, akatimiza ahadi neno kwa neno: "Wimbo huu tumefundishwa na marehemu mwenyewe." Wakaanza. Polepole, kama watu wanaobeba kabati. Hema zima likalia.

Walipomaliza, mimi ndiye niliyekuwa nishike kipaza sauti nishukuru watu kwa niaba ya familia. Kabla sijafungua mdomo, mama mkubwa, dada yake mama aliyeshuka kutoka milimani jana yake, akasimama na fimbo yake.

"Hiyo wimbo," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "tuliimba na marehemu tukiwa wasichana! Tukienda kuvuna mtama! Bibi yetu ndiye alitufundisha!"

Watu wakapiga vigelegele. Padri akainamisha kichwa kwa heshima ya bibi yetu. Dirijan akanitazama, jicho linasema: umeuza, dada, umeuza.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Ningesema neno moja tu, televizyo, na mama mkubwa angeaibika, na korali ingenyang'anywa wimbo, na mama yangu angebaki kwenye masimulizi ya Kamenge kama mwanamke aliyeleta samaki wa mchezo altareni. Nikinyamaza, basi yule aliyechomoa waya akaubeba juu ya nyanya, kisha akaimba muziki uleule miaka mitatu chini ya dirisha, amekufa kweli, na mahali pake amekaa msichana wa mtama ambaye hakuwahi kuwepo.

"Korali," nikasema, "rudieni."

Wakaanza tena na kabati lao. Mimi nikaanza kupiga makofi. Si makofi yao. Niliyapiga kwenye kipaza sauti, mbio, mwendo wa majini, pah pah pah pah, na mguu unakoroma chini. Dirijan akanigeukia, akaniashiria kwa kiganja: chini, chini. Nikaongeza. Wapiga ngoma wa korali, ambao ni watu wa kweli, wakanifuata kabla ya dirijan kuwazuia. Sopranu wakaniangalia mimi, wakamwangalia yeye, wakachagua kelele. Binti yangu, mstari wa pili, naye akaanza kupiga, amekosea mwanzo, kisha akaupata.

"Dada, polepole!" dirijan akaninong'oneza, jasho linamtoka.

"Apana."

Univushe-Bwana-maji-ni-mengi, na tena, na tena, hakuna aliyejua pa kuishia. Maneno yalianza kuwadondoka, ikabaki mmm mmm peke yake. Watu walisimama. Mama mkubwa alikuwa amenyanyua fimbo juu, anacheza, anapaza sauti: "Ehee! Hivyo! Ndivyo tulivyokuwa tunaimba!"

Hata mwendo wa samaki akaupeleka kwenye mtama wake; sikuwahi kumkasirikia mtu mzima namna ile. Nikakaza makofi.