Unga wa Chuma Chini ya Dirisha

Binti yetu wa mwisho alipokata vyuma vya dirisha la chumba chake, ukoo mzima ulikuja kuvitazama. Alikuwa amefungua nafasi ya kupita mtu mwembamba, akatoka, akaenda zake kwenye karakana ya kuchomelea vyuma kule mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini kwetu, nyuma ya soko. Ndiko nilikokuwa nimemkataza kwenda, na ndiyo sababu nilikuwa nimemfungia.

Mwaka ule aliacha shule mtihani wa taifa ukiwa umekaribia. Aliacha kwaya ya parokia. Akanyoa kichwa, na nyumbani kwetu hakukuwa na msiba. Nikimkanya, alinijibu kabla sijamaliza neno. Basi dada yangu mkubwa alipoliona lile dirisha, alikaza kitenge kiunoni, akasema:

—Mwanamuke gani anaweza kata chuma? Ile haiko nguvu ya muntu. Mutoto iko na kitu mu kichwa. Mumupeleke kwa madaktari ya wazimu mbele ya kuua muntu.

Wote wakanigeukia, kwa sababu nilifanya kazi kwenye karakana za reli mpaka nikapata pensheni. Na mimi nilijua. Chini ya dirisha kulikuwa na unga wa chuma, mweusi, mwembamba, ule unaodondoshwa na meno ya msumeno. Nimeufagia maisha yangu yote. Mahali palipokatwa paling'aa, pamenyooka. Pepo hakati chuma hivyo.

Neno moja lingetosha. Lakini nilikuwa nimechoka kushindwa na mtoto mbele ya watu, na ugonjwa ulikuwa unaniondolea lawama: si kwamba sikujua kulea. Nikanyamaza. Kwa ncha ya kiatu niliusukuma ule unga ukaingia kwenye ufa wa sakafu.

Siku ya pili yake vijana wa dada yangu walimfuata karakanani, wakamshika ndani ya teksi, mmoja kila upande. Hospitalini, daktari aliniuliza kilichotokea. Nikasema alivunja vyuma kwa mikono. Nikatia sahihi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa kofia yangu ili niondoke, muuguzi akauliza:

—Na nani atabaki naye?

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumpikia, kumfulia, kulala kwenye mkeka kando ya kitanda. Nilimpigia simu mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

—Weye njo ulimupeleka, akasema, weye njo utamulinda.

Akakata.

Hivyo nami nikalazwa. Uani walipikia wanawake, kila mmoja na mbabula yake, jiko dogo la makaa, wakiwapikia watoto wao na waume zao. Mimi sikuwa nimewahi kusonga bukari, ugali wetu wa mahindi. Mama mmoja alichungulia sufuria yangu.

—Papa, hii iko bukari ao iko potopoto?

—Mumuache papa, mwenzake akadakia, na ile matope anajenga annexe ya nyumba!

Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Lakini binti yangu hakula. Kila nilichopika alikisukuma, akala ndizi alizopewa na majirani wa kitanda. Dawa zilikuwa zimemlegeza. Maneno yalimtoka moja moja, kama anayasoma mbali. Kile kimya nilichokuwa nimekiomba kwa Mungu, sasa nilikuwa nacho, na kilinitisha.

Alasiri moja alikuja uani mwenyewe, akakaa juu ya jiwe, akanitazama nikikoroga.

—Papa, weye ulikuwa ku reli.

—Ndiyo.

—Ule unga chini ya dirisha. Uliona?

Ningeweza kusema macho yamezeeka. Angekubali, nadhani, na asingeniuliza tena kitu chochote maishani.

—Niliona.

—Juu ya nini haukusema?

—Aibu. Niliona haya mbele ya shangazi yako.

Aliinuka juu ya lile jiwe, akaja karibu. Halafu akaninyang'anya mwiko.

—Unakoroga kama unapaka rangi. Kandamiza, Papa.

Siku ile alikula. Bukari ilikuwa na mabonge.

—Iko mubaya, akasema, akamega tena.

Nilikwenda kwa daktari mikono yangu ikiwa bado na unga wa mahindi, nikamweleza kwamba vyuma vilikatwa kwa msumeno. Hakunipigia kelele. Alisema tu:

—Papa, dawa tulizipima kufuatana na maneno yako.

Akazipunguza, akaendelea kumwangalia, na mwishowe akaturuhusu. Lakini tulipofika kwenye lango, binti yangu alisimama na furushi lake.

—Nyumbani sirudi hivi. Kama kwa shangazi niko na wazimu, kwa kila muntu niko na wazimu. Twende kwanza kwake.

Tulikwenda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mbele ya dada yangu na wale vijana wake.

—Kumbe ulijua, ukaniacha nikaongea kama mupumbavu? dada yangu akauliza.

—Nilijua.

Hakutukaribisha tuketi. Hadi leo ananisalimu akiangalia pembeni, na sina la kumlaumu. Lakini pale mlangoni alimshika mtoto kichwani, penye nywele zilizokuwa zinaanza kuota, akamwambia: «Uzirudishe, mama.» Binti akamjibu: «Nitaangalia.» Kwa hao wawili, hiyo ilikuwa amani.

Sasa anafanya kazi kule kule karakanani. Kuhusu mtihani bado tunagombana. Juzi alileta mashine ya kuchomelea ili atengeneze dirisha, nami nikavishika vile vipande vya vyuma.

—Shika vizuri, Papa. Na usiangalie moto!

Hakuvirudisha kama vilivyokuwa. Alivikata upya kwa msumeno, akavitengeneza mlango mdogo wenye bawaba, na komeo akaliweka upande wa ndani. Aliufungua na kuufunga, akaufungua tena. Haukulia.

Chini ya dirisha kulikuwa na unga mweusi, kama siku ile. Aliinuka kwenda kutafuta ufagio. Nilikuwa nao tayari mkononi.