Zafarani ya Croydon

Nilifunga safari kutoka Tottenham kwa sababu ya barua. Halmashauri ya Croydon, kusini mwa London, ilikuwa imempa khalati yangu, Bi Zuhura, dada wa mama, nyumba ya kupanga, naye alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Alikuwa hataki. Tangu aikimbie Unguja baada ya mapinduzi alikuwa akiishi vyumba vya watu, na kupokea ufunguo wake mwenyewe aliona ni kukiri kwamba harudi tena. Mama alinituma nikamlainishe.

Saa tatu asubuhi, mwaka 1998, nilipanda treni Seven Sisters. Saa nne na nusu nilikuwa Thornton Heath, kwenye chumba alichokuwa akiishi, nikamkuta kajifunga kanga juu ya sweta.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba. Umetumwa wee, nakujua."

Saa sita, kwa ufunguo tulioazimwa na halmashauri, tuliingia kwenye nyumba yenyewe, bondeni Croydon, karibu na kanisa kongwe. Khalati akazunguka chumba na jiko bila kuvua viatu, yeye ambaye haingii kwa mtu na viatu. Nikajua kakataa, na roho ikaniuma.

Manyunyu yalitusukumia maktabani. Ukutani palikuwa na ramani ya kale, nikamuuliza mkutubi mji huu ulipataje jina. Akasema wasomi wengi hudhani Wasaksoni waliuita bonde la zafarani, na huenda Warumi ndio walioileta, kwa rangi na dawa. Nikamfasiria khalati.

"Muulize dawa gani."

Mkutubi hakujua.

"Mie najua," akasema khalati.

Kwao yeye ndiye aliyekuwa akiandika kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Alitoka Unguja na kikopo kimoja cha zafarani, akakiweka bila kukigusa, akisubiri siku atakayorudi nyumbani kwake.

"Ile key si bado tunayo?" akauliza.

Saa tisa tulikuwa mlangoni tena. Akainama, akavua viatu.

"Na wewe vua. Unaingia kwangu."

Jioni, ndani ya treni, nilijicheka. Nilikuja na maneno tele ya kumshawishi, na hata moja halikuhitajika. Mgeni hatulii kwa kubembelezwa, hutulia akikuta chake kimemtangulia.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea sahani nyeupe. Kikopo kilikuwa wazi, zafarani imefifia. Akaandika taratibu, akaosha kwa maji.

"Mgonjwa nani, khalati?"

"Mie, mwanangu. Miaka yote hii." Akanywa, akamaliza.