Msimbo wa Karakana

Fundi mitambo wa hospitali alikuwa akiamka amekwisha kuchoka. "Baba watoto," mkewe humwambia, "usingizi wako ni wa kuazima." Naye huvaa viatu, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kugawa mwanga. Vyumba vyote vilitumia uzi mmoja wa kioo kupeleka habari, na vyote vilisema kwa pamoja. Havikuchanganyikana kwa sababu kila kimoja kilipewa msimbo wake, yaani mpangilio wa mimweko: waka hapa, zima pale. Mpokezi husikiliza mpangilio anaoujua tu, kama mama amtambuavyo mwanawe kwa kikohozi katikati ya watoto wengi. Sharti lilikuwa kwamba misimbo miwili isikutane katika mmweko zaidi ya mmoja. Mwanga hujumlisha tu, haujui kutoa. Mimweko ikirundikana, mpokezi huona moto palipo giza.

Misimbo halali ilikwisha kugawiwa zamani. Wodi ya watoto ilipofunguliwa, fundi mwenzake, aliyeitwa Chapuchapu, alibuni mmoja kwa kukisia na kuupachika.

Kesho yake daktari wa watoto akapiga simu.

"Shikamoo, fundi. Picha ya kifua iliyotoka eksirei ina vidoa. Ni ugonjwa, au ni mitambo yenu?"

"Marahaba. Usianze dawa kwanza, daktari."

"Mama mtu amesimama hapa, ananitazama mdomo."

Fundi akaweka simu chini, akalinganisha misimbo, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Bwana wee, msimbo wako unagongana na wa eksirei mara mbili."

"Lakini jana ulipita, kaka!"

"Jana nusu ya vyumba vilikuwa kimya. Leo vyote vinasema."

"Basi turefushe misimbo yote, ipatikane nafasi."

"Kila chumba kijikokote kama konokono, halafu lawama zije kwangu, wewe umekwenda kunywa chai."

"Haya, tuing'oe wodi kwenye uzi."

"Na mtoto je?"



Msimbo halali ambao ungeweza kuachwa ulikuwa mmoja tu: wa karakana yao wenyewe. Kwa huo fundi aliona hali ya kila chumba akiwa ameketi, na katika kazi ile yote hakuwa na raha nyingine. Alijipangusa uso. Kisha akaufuta mezani pake, akaupa wodi, na picha ikatumwa upya.

Simu ikalia tena.

"Vidoa vimetoweka," daktari akasema, "ila kimoja, chini kulia. Hicho ni cha mtoto mwenyewe. Naanza dawa sasa hivi."

"Haya, daktari. Mungu amponye."

Skrini ya karakana ilikuwa nyeusi tii. Tangu siku hiyo, kujua kama chumba cha juu kabisa kinafanya kazi kulitaka mtu apande mwenyewe.

"Tutapokezana, kaka," Chapuchapu akasema.

"Tutapokezana," fundi akaitikia, akijua ahadi hiyo haitamaliza juma. Akatwaa mkoba wa vifaa, akazielekea ngazi.